Gari inakwaruza chuma baada ya kutoka mchangani Kimbiji, fundi kataka laki nne na themanini, nisaidieni kabla sijatoa hela

Babu Kijiko
Wakuu habari za Jumapili. Naomba nieleze yote maana najua mtauliza tu. Jana tulienda na familia Kimbiji huku Kigamboni, mama mkwe ana shamba karibu na bahari. Lami ikaisha tukaingia njia ya mchanga, mwanzo poa tu, mbele pana sehemu mchanga mweupe laini kama unga wa sembe, nikajisemea gari si ina foo wili bwana, nikabonyeza LOCK nikakanyaga mafuta. Hapo ndo nilipokosea. Tairi zikachimba gari ikakaa kwa tumbo. Wakaja vijana wanne na jembe moja, mama mkwe akamwaga pilau kwenye hotpoti akatoa sinia la bati nalo likachimba. Saa nzima. Nikawapa elfu ishirini tukatoka.

Kurudi sasa, tunagusa lami tu nasikia kwarr... kwarr... kwarr... ukiongeza spidi inakuwa kwarrrrr moja ndefu kama mtu anaburuza sufuria kwenye sakafu ya simenti. Bodaboda wanageuka kuniangalia. Mama mkwe yuko kimya huko nyuma, na mnajua kimya cha mama mkwe.

Leo asubuhi nimepeleka gereji. Fundi kaisikia nikiingia getini tu, hajapiga hata jeki, kasema pedi za breki zimekwisha mbele na nyuma, diski mbili za mbele zimeliwa, na beringi ya tairi ya kushoto imekufa. Laki nne na themanini na hela ya ufundi humo humo. Nikamwambia naenda kutoa hela nakuja. Sijarudi mpaka sasa hivi.

Gari ni X-Trail ya 2004. Pedi za mbele niliweka mwaka jana mwezi wa nane. Nianzie wapi?

Chinga wa Mbezi
Pole mkuu. Mimi nimecheka kwa sinia la pilau, samahani. Pilau lililiwa lakini?

Babu Kijiko
Lililiwa, na mchanga wake.

Jogoo la Shamba
Hiyo ndogo sana, chukua oil chafu kidogo au dizeli, mwagia kwenye diski tairi zote, zungusha mtaa mara mbili kelele zinakata. Mimi nilifanya kwenye Noah.

Spana 17
Jogoo futa hiyo comment yako kabla hujaua familia ya mtu. Kelele zitakata kweli, na breki nazo zitakata. Pedi ikinyonya mafuta hata ukiosha na sabuni gunia zima hairudi, ni ya kutupa. Mtu akishuka daraja la Kigamboni akakanyaga gari ikateleza utakuja hapa kuandika RIP?

Babu Kijiko, usimwage kitu chochote. Na usitoe hela bado. Mimi nipo kwenye hii kazi tangu 2003, mengi ya haya ya mchangani nimeyaona, lakini siwezi kukwambia kitu bila kujua kelele inatoka saa ngapi. Fundi anayesikia gari getini akataja bei hajatambua ugonjwa, ametambua kwamba wewe una hela. Jioni barabara ikiwa tupu nenda mtaa wenye ukuta upande mmoja, shusha vioo vyote, zima redio, nenda spidi ya 20 hivi karibu na ukuta, ukuta unarudisha sauti vizuri. Halafu unijibu haya.

Kelele ipo ukiwa HUJAKANYAGA breki? Hili ndo swali kubwa kuliko yote, mengine yote yanakaa chini yake. Ukikanyaga kidogo tu inabadilika, inakata au inazidi? Ukikata kona kulia halafu kushoto inabadilika? Ukirudi rivasi je? Na mwisho, ukishaendesha dakika kumi na tano bila kutumia breki sana, simama, sogeza kiganja karibu na kila rimu, USISHIKE, sogeza tu, uniambie ipi inatoa joto kuliko mwenzake wa upande wa pili. Ukiogopa kuungua dondoshea maji matone mawili kwenye nati, pakichemka tss umepata jibu.

Mama Wawili
Spana asante kwa hilo la ukuta, sikuwahi kulisikia. Mimi nawasimulia yangu kwa kifupi maana yamefanana. Noah yangu ilianza kulia hivyo hivyo baada ya kutoka harusini Bagamoyo, tulipaki ufukweni. Nikabadilishiwa beringi. Ikalia. Nikabadilishiwa beringi ya pili, upande ule ule, nikaambiwa ya kwanza ilikuwa feki. Ikalia. Siku hiyo narudisha gari nyuma kwenye geti la nyumbani nasikia TAK, kitu kikaanguka chini, kimya mpaka leo. Mtoto kakiokota, kokoto. Beringi mbili nilinunua kwa sababu ya kokoto.

Chinga wa Mbezi
Duh.

Spana 17
Mama Wawili umenitangulia, hiyo ndo nataka kumpeleka mwenzetu, lakini acha kwanza ajibu. Nyuma ya diski kuna kibati chembamba, kama sahani iliyokatwa upande mmoja, kazi yake ni kuzuia matope na vumbi visiingie kwenye breki. Kati ya kibati na diski nafasi ni ndogo, kijiwe kinaingia lakini hakitoki. Diski inazunguka, kijiwe kimekaa, kinachora diski mzunguko baada ya mzunguko. Sauti yake ukiisikia unaweza ukadhani gearbox inavunjika, kumbe kitu chenyewe kama punje ya mbaazi.

Mswahili Maskati
Asalaam aleikum. Mie nipo Maskati, huku mchanga ndo maisha yetu, wikiendi watu wanakwenda Sharqiya kwenye yale majabali ya mchanga yaliyokuwa yakiitwa Wahiba, kwa hivyo haya mambo tumeyazowea. Nataka kumwambia ndugu yetu mambo mawili.

La kwanza, ungetoa upepo. Sisi kabla ya kuingia mchangani tunashusha tairi mpaka psi 18, mchanga ukiwa laini sana 15, tairi inatanuka inakaa juu ya mchanga badala ya kuchimba. Ukiwa na upepo mdogo usikate kona kwa ghadhabu, tairi itatoka kwenye rimu. Na ukirudi lami unajaza, usiende nayo hivyo hivyo mbio. Foo wili bila kutoa upepo ni kuchimba kaburi kwa magurudumu manne badala ya mawili, hichi ndicho kilichokukuta.

La pili, mchanga wa pwani una chumvi, na chumvi kwa breki ni mbaya kuliko mchanga wenyewe. Mchanga mwingi utapukutika, chumvi itabaki inakula pini na vibati taratibu. Ukifika nyumbani ACHA BREKI ZIPOE kwanza, diski ya moto ukiimwagia maji baridi inaweza kupinda. Zikishapoa chukua mpira wa maji wa kawaida wa bustani, osha ndani ya rimu kwa nyuma, maji mengi ya taratibu. Ile mashine ya nguvu usiielekeze kwenye mipira ya pistoni, ile inayosukuma pedi, inausukuma mchanga ndani badala ya kuutoa.

Msumeno
Maji ya nini, mimi kompresa tu, napuliza vumbi lote linatoka dakika mbili, miaka yote hiyo.

Spana 17
Msumeno na kifua chako kipo salama miaka yote hiyo? Vumbi la breki si vumbi la barabarani. Pedi na brekishuu (zile za breki za dramu) za zamani, na hata hizi za bei chee zisizojulikana zimetoka wapi, zinaweza kuwa na asbesto, hiyo ni sumu ya mapafu na haina dawa. Loweka kwanza na maji au dawa ya kusafishia breki, piga brashi, usipulize. Halafu mchanga ukipulizwa na kompresa unakwenda wapi? Unakwenda popote penye upenyo, ikiwemo kwenye mpira wa pistoni.

Msumeno
Sawa daktari.

Babu Kijiko
Wakuu nimerudi. Nimefanya saa moja jioni, pembeni ya ukuta wa shule, mlinzi alitoka kuniuliza natafuta nini mara ya tatu napita.

Kelele ya kwarr ipo bila breki. Inafuatana na tairi, ukienda taratibu unaweza kuzihesabu, kwarr moja kila mzunguko. Nikikanyaga breki haikati, inapungua tu kama imezibwa mdomo. Kona ya kulia inazidi kidogo. Rivasi ilinyamaza kabisa kama mita tano halafu ikarudi. Inatoka mbele kushoto, hilo nina uhakika, ukutani inasikika waziwazi.

Ila kuna kitu cha pili ambacho jana sikukigundua kwa sababu ya makelele ya ile ya kwanza. Nikikanyaga breki nasikia SHRRRR, nzito, kama msasa kwenye mbao. Ukiachia inakata.

Na joto: rimu ya mbele kushoto ya moto kabisa, maji yamechemka. Ya kulia vuguvugu. Za nyuma kawaida zote mbili.

Spana 17
Safi sana. Umefanya kazi ambayo yule fundi alitakiwa aifanye, na hujalipwa hata mia.

Sasa sikiliza. Una magonjwa mawili kwenye tairi moja, ndo maana yanachanganya. Lile kwarr la bila breki, linalofuata mzunguko, linalonyamaza ukirudi nyuma, hilo ni jiwe kwenye kibati au kibati kimepinda kinagusa diski. Mlipokaa kwa tumbo na vijana wakachimba na jembe, jembe lingeweza kukikunja pia. Beringi haina tabia ya kunyamaza ukirudi rivasi halafu ikarudi. Beringi inavuma VUUUU, inapanda na spidi, breki haiihusu, na mara nyingi inakuja pole pole kwa wiki na miezi, haizaliwi Kimbiji ikafika Kibada ikiwa mtu mzima.

Lile shrrr la kwenye breki tu linaweza kuwa mchanga uliobaki kwenye pedi, lingekuwa peke yake ningekwambia osha, kanyaga breki mara kumi, lipe siku mbili. Mchanga ni mgumu kuliko chuma cha diski, unachora mistari midogo lakini baadaye unasagika unaisha. Tatizo ni hilo joto. Joto upande mmoja maana yake kalipa, kile kibano kinachobana pedi kwenye diski, haiachii. Pedi inabaki imeegemea diski hata mguu ukiwa mbali. Swali: gari ilikuwa inavuta upande wowote kabla ya safari hii?

Babu Kijiko
Aisee. Ilikuwa inavuta kushoto kidogo, tangu kama mwezi wa pili. Nimefanya wili alaimenti mara mbili, mara ya pili yule kijana kaniambia barabara zetu ndo zimeinama.

Spana 17
Haya. Kwa hiyo kalipa ilikuwa inaumwa kabla hata hujamjua huyo mchanga. Kesho fungua tairi. Ukiweza fanya mwenyewe, kama huwezi tafuta fundi wa pembeni ya nyumbani na usimame naye, usiende kunywa soda.

Gari ikae sehemu ya simenti au ardhi ngumu, sio mchangani tena jamani. Kigingi tairi za nyuma, mawe makubwa mbele na nyuma. Legeza nati kabla ya kupandisha. Ikishapanda weka stendi, kama huna basi laza tairi ya spea chini ya bodi, jeki ikikimbia gari ikalie tairi isikukalie wewe. Gia nyutro, zungusha tairi kwa mkono, sikiliza. Shika tairi juu na chini utingishe, ikicheza hapo ndo tuongee habari za beringi. Weka mkono mmoja kwenye springi huku mwingine unazungusha, beringi mbovu utaihisi inatetemesha springi kama simu kwenye vaibresheni.

Toa tairi. Tochi nyuma ya diski, angalia kibati mzunguko wote. Jiwe likiwepo, bisibisi bapa, vuta kibati taratibu kuja nje, litaanguka. Usitumie nyundo.

Halafu kalipa. Inakaa juu ya pini mbili zinazoteleza, ndo zinazofanya pedi ya nje na ya ndani zibane pamoja. Fungua boliti, nyanyua, ITUNDIKE KWA WAYA kwenye springi, usiiache inaning'inia na mpira wa breki. Pini zote mbili zinatakiwa ziingie na kutoka kwa vidole tu. Toa pedi, pima nyama ya ndani na ya nje, usiangalie ya nje peke yake ukasema bado zipo. Pedi mpya nyama yake huwa milimita 10 hadi 12, zikibaki 3 mimi natupa. Piga picha utuletee.

Msee wa Mambrui
Nimesoma hii uzi yote kutoka Malindi na nimecheka vile mnasema sahani ya pilau. Huku kwetu mchanga ni daily. Ningeongeza kitu moja, makanika wengi hapa wanapenda kupaka grisi ya kawaida, ile ya beringi, kwa pini za kalipa. Inavimbisha mpira ule mdogo, mpira ukivimba pini inashika tena after miezi mitatu. Itisha grisi ya silikoni, kapakiti kadogo, haina bei.

Spana 17
Msee umepiga mulemule. Grisi ya silikoni au ile iliyoandikwa ni ya breki. Ya mafuta ya petroli au ya beringi hapana.

Jogoo la Shamba
Nimefuta comment. Noah yangu niliuza lakini.

Chinga wa Mbezi
Uliiuza ikiwa na dizeli kwenye breki???

Mama Wawili
Jogoo usiniambie ni Noah ya silva.

Babu Kijiko
MREJESHO. Samahani nimechelewa, leo nilikuwa kazini mpaka saa kumi. Nimefanya na kijana wa jirani, ni fundi pikipiki lakini anajua kutumia akili.

Kwanza kutoa tairi tu, mchanga umemwagika kutoka ndani ya rimu kama kikombe cha chai, umegandia upande mmoja, mkavu, umeshikana kama tofali. Tairi zote nne zilikuwa hivyo. Nikajua na kile kitetemeshi cha usukani nilichokisikia jana nikifika 80 kimetoka wapi, niliona aibu kuwaeleza maana nilidhani mtasema gari imekwisha.

Nikamulika nyuma ya diski. Kibati chini kimekunjwa kidogo, alama ya jembe ipo, imeng'aa. Na juu kidogo, upande wa mbele, JIWE. Limekaa kabisa kama limetengenezewa kiti. Kijana kaweka bisibisi, kavuta, tik, likaanguka kwenye ndoo. Kama mbaazi kweli, jeusi, lakini upande mmoja limesuguliwa limekuwa bapa na linang'aa kama kioo. Kwenye diski kwa nyuma kuna mstari mmoja mzunguko mzima, ukipitisha kucha inaingia kidogo.

Halafu sasa kalipa. Pini ya juu ilitoka kwa vidole. Ya chini haikutoka. Tumeipiga dawa ya kutu tukasubiri, tukaizungusha na spana huku na huku kama dakika ishirini, ikatoka imevaa kutu ya kahawia na mpira wake umechanika. Ile mpasuko ni wa zamani, ndani kuna uchafu mweusi mkavu, sio mchanga mweupe wa Kimbiji. Pedi ya nje milimita 7. Pedi ya ndani 3, na imeliwa kimshazari, huku nene huku nyembamba. Mwaka jana tu nimeweka hizi!

Kulia tukafungua pia, pini zote zinateleza, pedi 7 na 7.

Kwa hiyo yule wa gereji kwenye pedi hakukosea sana?

Spana 17
Amekosea na kupatia, kama saa iliyosimama. Pedi za mbele unabadilisha kweli, seti nzima kushoto na kulia, usiweke upande mmoja breki zitavuta. Lakini angekubadilishia pedi na diski akaacha pini ile ile, baada ya miezi mitatu pedi ya ndani imeliwa tena, na wewe ungesema pedi za siku hizi feki. Pedi feki zipo ndiyo, ila nyingi zinasingiziwa dhambi za pini.

Nyuma hakuna alichokigusa, na wewe hujasikia kelele huko wala joto, kwa hiyo huko osha tu. Beringi tingisha ulitingisha?

Babu Kijiko
Nilitingisha, haichezi. Nikazungusha na mkono kwenye springi, tulivu kama maji ya mtungi.

Spana 17
Basi laki ngapi hiyo ya beringi imebaki mfukoni.

Diski usiibadilishe bado. Mstari mmoja wa jiwe sio kifo. Kwenye diski pembeni pameandikwa unene wa mwisho unaoruhusiwa, tafuta MIN TH na namba yake kwa milimita, safisha kutu utaiona. Mpelekee mtu mwenye kipimo apime. Kama bado ipo juu ya hapo na usukani hautetemeki ukikanyaga, endelea nayo, pedi mpya zitajikalisha. Wenye mashine ya leti watakwambia ichongwe, kuchonga ni kuipunguza unene, mimi nachonga pale tu diski inapotetemesha au mifereji ni mingi.

Pini ya chini usiisugue na msasa ukairudisha, nunua mpya na mpira wake. Sehemu zinapokaa masikio ya pedi piga brashi ya waya mpaka uone chuma. Ukirudisha pistoni ndani, isukume taratibu na uangalie kichupa cha mafuta ya breki, yatapanda, yakimwagika kwenye rangi ya gari futa na maji hapo hapo, yanakula rangi.

Na jambo watu wanalisahau kila siku: ukimaliza, kabla ya kuwasha na kuondoka, pampu pedali mpaka iwe ngumu. Pistoni imerudi nyuma, mguu wa kwanza utaenda mpaka chini hakuna kitu. Nimeshuhudia mtu amepiga geti lake mwenyewe hivyo.

Mswahili Maskati
Na hichi kibati kilichokunjwa na jembe kinyooshwe kwa mkono, kisikatwe. Huku wako wanaovikata ili wasipate tabu ya mawe, halafu wakipita wadi, yaani bonde la mto, ina maji diski inarushiwa matope yote.

Zuwena wa Airport
Samahani nadandia uzi. Mimi yangu ni Probox, inakwaruza NYUMA, nilipita barabara ya vumbi Chalinze mvua haijanyesha siku nyingi. Nyuma ni dramu. Na breki ya mkono siku hizi navuta mpaka inafika mwisho.

Spana 17
Zuwena, dramu ni kama chungu kilichofunikwa, mchanga ukiingia hauna njia ya kutoka, unabaki unasaga brekishuu na dramu kwa ndani. Achia breki ya mkono, kigingi mbele, toa tairi, dramu ikigoma usiipige kwa hasira, mara nyingi ina matundu mawili ya boliti, unakaza boliti mbili inajisukuma yenyewe. Ndani utakuta vumbi, loweka, brashi. Angalia unene wa brekishuu na kama kuna unyevu, ukiona unyevu ujue silinda ndogo inavuja, hilo usilale nalo. Hiyo ya handbreki kwenda mpaka juu inaniambia brekishuu zimeisha au haziko kwenye ajasti.

Babu Kijiko na wewe kumbuka X-Trail yako nyuma ina diski lakini breki ya mkono ni vibrekishuu vidogo ndani ya ile diski. Ukisikia mkwaruzo nyuma baadaye, anzia hapo.

Babu Kijiko
MREJESHO WA MWISHO. Pedi seti ya mbele nimepata Gerezani elfu hamsini na tano, pini na mpira wake elfu kumi na tano, grisi elfu tano, kijana nimempa elfu ishirini na tano akakataa akachukua ishirini. Diski imepimwa, ipo juu ya kiwango. Kibati tumekinyoosha. Rimu nne tumeziosha kwa ndani, kitetemeshi cha 80 kimeondoka.

Nimefanya ile ya kuzikalisha pedi, kutoka 60 mpaka 20 mara kumi bila kusimama kabisa, usiku barabara ikiwa tupu. Mara tatu za kwanza kulikuwa na harufu nikaogopa, ikapotea. Rimu zote mbili za mbele vuguvugu sawa sawa. Haivuti kushoto tena, nimeachia usukani sekunde mbili imeenda imenyooka.

Kuna kasauti kadogo asubuhi ya kwanza tu, mguu wa kwanza, kshh, kisha basi.

Spana 17
Hiyo ni kutu ya usiku kwenye diski, unyevu wa bahari huko Kigamboni. Breki mbili tatu inafutika. Iache.

Mama Wawili
Hongera kaka. Jumla elfu tisini na tano. Jiwe liko wapi?

Babu Kijiko
Lipo kwenye dashibodi. Mama mkwe ameliona jana nampeleka hospitali, kaliuliza, nikamweleza yote mpaka ya pini. Kanyamaza kidogo akasema, "Na sinia langu?"

Chinga wa Mbezi
Mnunulie sinia mkuu.